Sare Yenye Shuka Ndani

Hospitalini walimwita Hadubini, na jina lilimkaa. Katika miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi maabara, hakuna aliyewahi kumshinda kwa jicho. Kioo cha damu ambacho wenzake wamekitazama mara mbili wakaona hakina kitu, yeye angekiweka chini ya hadubini, akanyamaza dakika nne, kisha akasema, "Wapo watatu, huku pembeni." Na kweli wangekuwepo hao vimelea watatu, wamejikunyata kama watoto waliovunja glasi.

Kwa hilo walimsifu. Kwa mengine walimsema. Hakuwa mtu wa kukumbatiana wala wa kushinda jikoni akipiga soga. Tena hakuvaa chochote chenye kola. Ndani ya koti lake jeupe lisilo na kola, lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama ganda la kitunguu, alivaa fulana aliyoigeuza, mishono ikitazama watu. Dada mmoja mcheshi, aliyekuwa akipokea sampuli dirishani, aliwahi kumwambia, "Shoga, umevaa fulana kinyume."

"Najua," alijibu Hadubini, akarudi kwenye vioo vyake.

Tangu siku hiyo likazunguka neno kwamba Hadubini anaringa.

Kisha zikaja sare mpya. Zililetwa kwenye maboksi, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Zilikuwa za kijani kibichi, kitambaa kinachong'aa kisichotaka pasi, kola imesimama wima, na nyuma ya shingo lebo ngumu kama kadi. Tangazo lilibandikwa mlangoni: kuanzia Jumatatu, wafanyakazi wote, bila kisingizio. Wenzake walizifurahia. Walijipiga picha.

Jumatatu Hadubini alijikaza, akaivaa. Kufika saa mbili lebo ilikuwa inamkwangua shingo kama ukucha wa mtu asiyechoka. Kufika saa tatu mishono ya makwapani ilikuwa imegeuka waya. Kila alipoinua mkono kurekebisha lenzi, kitambaa kilimlilia masikioni na kumkuna mwilini kwa wakati mmoja, hata asijue sauti inaishia wapi na maumivu yanaanzia wapi. Saa nne alipoteza hesabu ya chembe za damu. Akaanza upya, akapoteza tena. Jambo hilo halikuwa limemtokea tangu aajiriwe. Akaenda chooni, akaivua ile sare, akakaa juu ya kifuniko na fulana yake tu. Aliporudi alikuwa na koti lake la zamani.

Siku ya tatu mkuu wa maabara alimwita. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa waliomkalia kooni.

"Wote wamevaa isipokuwa wewe," alisema. "Wewe ngozi yako ya nini?"

"Sijui niseme vipi, mkuu. Inaniumiza."

"Nguo inaumizaje mtu? Labda inakubana. Nakupa wiki mbili. Muone daktari akupe barua kama una ugonjwa wa ngozi, au nenda kwa fundi akaipanue. Zikiisha hizo wiki mbili, itabidi niandike barua mimi."

Alianza na daktari. Daktari alimkagua shingo na mabega kwa taa, akasema ngozi ni nzima, haina hata kipele. Hadubini akapiga moyo konde. Alikuwa amesoma hapa na pale, na jambo alilolisoma lilikuwa limemkaa moyoni kwa miaka miwili.

"Daktari, inawezekana nikawa na usonji?"

Daktari alicheka, cheko la upole, la kumtoa mtu wasiwasi. "Dada yangu, usonji ni wa watoto wasioongea. Wewe umesoma, una kazi, unaongea vizuri, na hapa unanitazama usoni."

Kwa kweli Hadubini alikuwa akitazama kidoti kilichokuwa juu ya nyusi ya kushoto ya daktari. Alikuwa amejifunza tangu shuleni kuwatazama watu hapo, ili wasimwambie hana adabu. Lakini hilo hakulisema. Alishukuru, akaondoka, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakabaki kifuani.

Ikabaki kwenda kwa fundi.

Chumba cha mashuka kilikuwa nyuma ya jengo, mkabala na mashine za kufulia. Ndani yake alikaa mama mmoja mnene, miwani imefungwa kamba, sindano tano zimechomekwa kifuani mwa gauni lake kama nishani. Kazi yake ilikuwa kushona mashuka yaliyochanika na mapazia ya wodini. Watu wote walimwita Mama Pacha.

Hadubini aliiweka sare mezani. Alikuwa ameandaa maelezo marefu na msamaha wa kutosha. Mama Pacha hakuyasubiri. Alimtazama yeye, akaitazama sare, akaizima mashine yake.

"Inakuuma wapi?" aliuliza.

Hadubini alikaa. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Maishani mwake alikuwa ameulizwa kwa nini anasumbua, kwa nini hakui, anadhani yeye ni nani. Swali hili hakuwahi kuulizwa.

"Hapa nyuma ya shingo," alisema. "Na hapa, mishono inapokutana. Na kola. Kola hata nikiivua bado naisikia mpaka kesho yake."

"Na kitambaa chenyewe?"

"Kitambaa kinapiga kelele."

Alisubiri kuchekwa. Mama Pacha aliikunja sare karibu na sikio lake, akaisugua kwa vidole, akatikisa kichwa. "Ni kweli, kinapiga. Geuka nikupime."

Aliishona kwa siku nne, katikati ya mashuka yake. Lebo hakuikata kwa mkasi, maana mkasi huacha vishina. Aliichokoa uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe. Alifumua kola, akatoa kile kitambaa kigumu cha ndani. Kisha akaenda kwenye rundo la mashuka yaliyostaafishwa, akachagua moja lililofuliwa labda mara mia tano, la pamba, jembamba mpaka mtu aone mkono wake upande wa pili. Kwa shuka hilo aliibandika sare yote kwa ndani, na kila mshono akaulaza na kuufunika. Kwa nje ilibaki sare kama za wengine, kijani kibichi na kola yake. Kwa ndani ilikuwa shuka.

Hadubini aliivaa nyuma ya pazia, akatoka. Akasimama katikati ya chumba. Akainua mikono, akaishusha. Akageuza shingo huku na huku.

Mama Pacha aliinuka nusu kwenye kiti. "Imekataa?"

"Hapana," alisema Hadubini. "Sisikii kitu."

"Husikii kitu?"

"Sisikii kitu, mama."

Akaanza kulia, akiwa wima vilevile, mikono imelegea ubavuni. Mama Pacha, ambaye angemkumbatia mtu mwingine yeyote, alimtazama, akamsogezea kiti na kuondoka kwenda kuchemsha maji ya chai.

Wakati wa chai ndipo alipoeleza. Alikuwa na pacha wa miaka kumi na tisa, msichana na mvulana. Msichana alikuwa chuo, mwaka wa pili. Mvulana alikuwa na usonji na hakuwahi kutamka neno.

"Nilijifunzia kwake," alisema Mama Pacha. "Yeye hawezi kuniambia, kwa hiyo nimekuwa nikikisia. Lebo nilijua mapema. Mishono ilinichukua miaka. Lakini kwenye mashati ya mikono mirefu amenishinda. Kila shati anachana mkono wa kushoto, tena hapa chini tu. Nimebadili vitambaa vyote duniani."

Hadubini aliweka kikombe chini. "Mimi si kama yeye," alisema polepole. "Naongea. Daktari aliniambia haiwezekani."

"Sijasema ufanane naye. Hata dada yake waliyekaa naye tumbo moja hafanani naye. Mimi nimekuuliza tu panapouma, na mmenionyesha mahali pamoja."

Jumamosi Hadubini alikwenda nyumbani kwao. Kijana alikuwa sebuleni, mrefu, amevaa singlendi, akipanga vifuniko vya chupa kwenye mkeka kwa ukubwa wao. Hakuinua kichwa. Hadubini hakumsalimu kwa mkono wala hakumpigia makofi kama wageni wengi walivyofanya. Alikaa upande wa pili wa mkeka, akatazama vifuniko. Baada ya muda alikiona kimoja kilichokosewa nafasi, akakisogeza. Kijana alikitazama, akakiacha palepale.

"Naomba hayo mashati," alisema Hadubini.

Mama Pacha alileta matano. Hadubini alifumba macho, akapitisha kidole gumba ndani ya ncha ya mkono wa kila shati. Kitambaa kilikuwa chema. Mshono umelazwa vizuri. Alirudia tena, taratibu, kama anayesoma kioo. Kwenye shati la nne, lililochanwa nusu tu, kidole kikasimama.

"Mama, ukimaliza kushona pindo, fundo unafungia wapi?"

"Ndani, kwenye mshono. Lisionekane."

"Mkono wa kulia unalifungia upande wa juu wa kifundo. Huu wa kushoto fundo linaangukia hapa, kwenye mshipa." Aligeuza kifundo cha mkono wake kumwonyesha. "Hapa ndipo mimi siwezi kuvaa saa. Si kama kitu kinakuchoma mara moja ukakizoea. Hakizoeleki. Kila dakika kinaanza upya. Mtu anakusemesha na wewe humsikii, umekuwa fundo tupu. Ukichana, kunakuwa na kimya."

Mama Pacha aliketi kwenye mkono wa kochi.

"Alipokuwa na miaka saba," alisema, "tulikuwa tunakwenda mazikoni. Nilimvalisha shati, akalichana. Nikamvalisha jingine, nikamshika mikono nyuma njia nzima. Nilidhani nikishinda siku ile moja, atazoea. Alilia mpaka sauti ikakauka." Alivua miwani. "Kumbe ndivyo alivyokuwa akisikia."

"Hukujua, mama."

"Sikujua. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikisubiri mtu anieleze. Nilikuwa nikimwomba Mungu amfungue mwanangu mdomo, hata kwa dakika moja. Leo umeniletea hiyo dakika."

Hadubini hakuzoea kushukuriwa kwa jambo alilolionea aibu maisha yake yote. Alisogeza kifuniko kingine cha chupa, na safari hii kijana alimsogezea cha tatu.

Fundo likahamishwa. Shati jipya lilikaa siku mbili, likakaa wiki, likakaa mwezi. Dada mtu aliporudi likizo akamkuta kaka yake mezani na mikono mirefu imefika mpaka chini, alirudi mlangoni kumuuliza mama yake kama ameona vizuri.

Maabara nako mambo yalitulia. Mkuu alipoiona sare ya kijani alipumua, akachana barua aliyokwisha kuianza. Baada ya siku chache alipita meza ya Hadubini, akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Mama Pacha anatoa ile lebo, maana hata yeye ilikuwa inamsumbua kidogo. Yule dada wa dirishani hakuona haya ya kuuliza. Alikwenda na sare yake siku hiyohiyo. Mwisho wa mwaka Hadubini alimpata mtaalamu aliyemsikiliza kwa vikao vitatu, na huyo hakucheka. Alimwambia ni usonji, na kwamba watu wazima wengi wanao, wanaongea, wanafanya kazi, na hawajui.

Jioni ya siku ile alimpigia mama yake mzazi. Walikuwa wanapigiana kwa adabu, kila Jumapili, dakika kumi. Siku hiyo haikuwa Jumapili, na mama alipokea kwa wasiwasi. Hadubini alimweleza yote: sare, fundo, mtaalamu.

"Lile sweta," alisema mama yake.

"Lipi, mama?"

"La bluu. Ulikuwa darasa la kwanza. Nilifuma mwenyewe, miezi mitatu, kila nikitoka kazini. Ulilitupa nyuma ya kabati. Nikakuchapa." Alivuta pumzi. "Mwanangu, nilidhani hulitaki kwa sababu limetoka kwangu. Nimekaa na hilo muda wote huu."

Hadubini alikumbuka. Lilikuwa la sufu, lenye vifungo vya duara, na mbele lilikuwa na ndege mdogo mweupe.

"Mama, nilikuwa nalitoa nyuma ya kabati kila siku," alisema. "Nikilitandika kitandani na kulitazama. Nilimpenda yule ndege. Sikuweza tu kulivaa."

Mama yake alilia, kisha akacheka, kisha akaomba aelezwe tena habari za yule fundi, mwanzo hadi mwisho, na kijana wake anaitwaje na anapenda nini. Walizungumza saa nzima na nusu. Mwishoni mama akasema anataka kuja kumtembelea, na kwamba kabla ya yote ampeleke akamshukuru huyo mama kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nitakupeleka," alisema Hadubini. "Ila usimkumbatie kijana."

"Na wewe je?" aliuliza mama yake. "Wewe nikukumbatieje?"

Hadubini alifikiri, maana swali lilistahili jibu la kweli.

"Kwa nguvu," alisema. "Mkumbatio wa kugusagusa ndio siuwezi. Wa nguvu naupenda."