Tumbawe Lisilokatwa

Noelene Tranter alikuwa dereva wa basi la shule mjini Townsville, na kila asubuhi akisharudisha basi alisimama mbele ya tangi lake la maji ya bahari hadi chai ikapoa mkononi. Mule ndani liliota tumbawe moja la zambarau, pana kama sinia, matawi yake hayahesabiki. Kila tawi lilijaa vinyama vidogo kama ufuta, na kila kinyama kilikuwa na mikono kumi na miwili. Havina macho wala akili, lakini huchota chokaa iliyoyeyuka majini, ambayo hakuna anayeiona, vikaijenga kuwa jiwe. Miaka kumi na moja alilitazama jambo hilo na hakuwahi kulizoea.

"Nimeoa mke mwenye mume jiwe," mumewe Clive hupenda kusema. "Na jiwe lenyewe linakula vizuri kuliko mimi."

Kipande cha kwanza, kisichofika hata ukucha, alipewa na mzee Aurelio Bonacci, mkulima wa miwa kule Ingham. Wafugaji wa matumbawe wana desturi yao. Ukipewa kipande, hulipi. Kikikua kikajaa kiganja, unakata na kuwagawia wenzako, ili siku tangi la mmoja likifa, mbegu irudi kutoka kwa mwingine. Noelene hakukata. Lilipojaa kiganja alisema bado. Lilipojaa sahani alisema bado. Miaka minne iliyopita kimbunga kiliikatia Ingham umeme siku tano, pampu zikasimama, matumbawe yote ya Aurelio yakafa. Mzee akapiga simu kuomba kipande kimoja tu.

"Bado changa, mzee," Noelene alimjibu. "Labda mwakani."

Aurelio hakupiga tena. Noelene naye hakupiga, maana aibu ni kufuli.

Basi ikawa wanachama wa chama chao cha wafugaji wa matumbawe watamtembelea Jumapili, naye akataka tumbawe ling'are. Alhamisi alipima magadi ya maji, ile chumvi inayolisaidia tumbawe kujenga jiwe. Rangi ya dawa ya kupimia ikamwambia yako chini. Akaongeza. Akapima, bado chini, akaongeza. Ijumaa vivyo hivyo. Mtu mwingine yeyote angelitazama tumbawe lenyewe, aone lina afya tele, aende zake kulala. Mfugaji wa matumbawe hutazama namba.

Jumamosi asubuhi shina lilikuwa jeupe. Nyama yake ilikuwa ikibanduka vipande vipande, kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji moto, na weupe ulikuwa ukipanda.

Alimpigia Wes Dimmock, fundi bomba wa mtaa wa pili, mfugaji mwenzake. Wes alifika na koleo la kukatia mifupa, akakagua kwanza chupa ya dawa ya kupimia.

"Mama wee! Hii imekwisha muda tangu mwaka juzi. Maji yako yalikuwa mazima, Noelene. Umeliunguza kwa magadi."

"Niokolee, Wes."

"Dawa ni moja, na unaijua. Tunakata matawi vidole viwili juu ya weupe, tunayapeleka kwangu. Tukingoja mpaka saa kumi, tunazika."

"Siwezi. Kata wewe."

"Miaka sita nakuomba kipande, unaninyima kama nimekuomba figo! Leo siombi. Lako hili. Kata."

Noelene aliingiza mikono majini. Tawi la kwanza lilikatika kwa mlio mkavu, akaguta kana kwamba limekatika kwenye mwili wake. La pili akalia. Kufika la tano alikuwa haoni vizuri kwa machozi, na Clive alimshika bega bila mzaha wowote. Walipata vipande kumi na viwili. Alasiri tumbawe la miaka kumi na moja lilikuwa mfupa mtupu.

Kwenye tangi la Wes vipande saba vilikufa. Vitano vikashika. Baada ya wiki tatu Wes alichagua kilicho bora, chenye urefu wa kidole na panda mbili, akakitia kwenye mfuko wa maji.

"Haya, rudisha kwako."

"Hiki si changu," Noelene alisema. "Ni cha Ingham."

Clive aliendesha gari. Noelene alipakata kisanduku chenye mfuko ule njia nzima, anaogopa kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Aurelio, mwenye miaka themanini na minne, aliwafungulia mlango, akatazama kisanduku, akawaingiza ndani. Tangi lake lilikuwa limejaa tena. Marafiki walikuwa wamemrudishia kila aina aliyowahi kuwagawia. Jiwe la katikati tu, chini kabisa ya taa, lilikuwa tupu. Miaka minne alikuwa analisugua na kuliacha tupu. Noelene akaelewa lilikuwa likingoja zambarau, akamkabidhi kisanduku.

Aurelio alitoa kipande kwenye mfuko wa maji, akakigeuza mara moja kwenye mwanga, akachukua koleo. *Ka!* Vikawa viwili.

"Mzee!" Noelene alipiga kelele. "Ndicho pekee nilichokuletea!"

"Sasa viko viwili. Wewe umewahi kuona muwa unapandwa mzima? Unaukata pingili, ndipo unapata shamba." Alitia gundi, akavibandika vyote viwili kwenye jiwe la katikati. "Hiki cha kulia chako. Maji yako yakitulia, njoo uchukue. Na utupe ile dawa yako, Wes kashanieleza. Kaeni, kahawa iko jikoni."

Walikunywa kahawa chungu huku macho yako kwenye kioo. Nusu saa, hakuna kitu. Saa nzima, hakuna. Kisha kwenye ncha ya kipande cha kulia kikatokea kitu kidogo kuliko ufuta, kikafunguka, mikono kumi na miwili, ikaanza kupapasa maji. Kikafuata kingine, na kingine, mpaka ncha yote ikawa na manyoya. Kiumbe kilichokatwa muda si mrefu kilikuwa kimerudi kujenga. Clive, bwana wa mzaha, alikuwa amevua kofia.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Kinanyoosha mkono."

Noelene hakuweza tena kunyamaza.

"Mzee Aurelio, ile simu ya mwaka ule. Tumbawe halikuwa changa. Nilikudanganya."

"Najua," Aurelio alisema, macho hayajatoka kwenye kioo. "Nilikuita, na leo umeitika."