Eda ya Lulu

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Warda ilikuwa kufagia vumbi la jumba la Madamu Eunice, pale Diani, na kulitupa nje. Ya pili ilikuwa kuchekecha vumbi jingine, laini kama unga wa ngano, na kuliingiza ndani. Hilo lilikuwa la kuogea chinchila. Chinchila, kwa asiyemjua, ni panya aliyevikwa koti la tajiri. Joto likizidi kidogo tu, hufa. Basi chumba chao kilitiwa kiyoyozi. Cha Warda, uani, hakikutiwa hata dirisha la maana.

Walikuwa madume wawili, Biskuti na Kahawa, chanda na pete. Walilala wamekumbatiana, wakichanana manyoya kwa meno.

Jumatatu moja akaletwa jike, Lulu, kutoka Nairobi. Alianza safari Jumapili na mumewe, lakini gari liliharibika Mackinnon Road na jua la saa saba likammaliza mume. Lulu akawekwa chumba cha pili. Harufu yake ikapenya chini ya mlango, na kabla ya alasiri Biskuti alikuwa amemng'ata Kahawa sikio, na Kahawa amemnyonyoa Biskuti shavu. Jua lilipotua walikuwa wakimtungia Lulu mashairi kwa sauti, kila mmoja akimkosoa mwenziwe vina.

"Vina vya Biskuti vibovu," alisema Mwinga, mtunza bustani, akikunja mpira wa maji. "Lakini mizani anaijua."

Kulipokucha, Warda alimpelekea Lulu nyasi kavu.

"Shikamoo, Bi Warda," alisema Lulu.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Nina haja moja. Mimi nimefiwa, nakaa eda. Wale mabwana wahamishwe. Mjane hapelekewi posa kabla eda yake haijesha, seuze posa ya kuimbwa."

Warda aliona amesema haki. Yeye mwenyewe alikuwa na siku ishirini na mbili tangu kumzika mumewe, Swabir, mkata miwa wa Ramisi. Alipewa ruhusa ya siku tatu. Siku ya nne alikuwa karoni anafua. Alitaka jambo moja tu: akakae eda kwao Msambweni, kama alivyokaa mamake.

Alimfikishia madamu ujumbe. Madamu alikuwa barazani na simu yake.

"Hata hapa wameandika," alisema. "Madume waliozoeana wasiwekwe karibu na jike. Na hiyo eda inachukuanga muda gani?"

"Miezi minne na siku kumi, madamu."

"Apewe yote. Hapa hatudharau dini ya mtu."

Madume wakahamishiwa ghorofani, chumba cha wageni. Mlango wa Lulu ukatundikwa pazia jeupe. Mwinga akaamriwa apige hodi kabla ya kukatiza dirishani, na mluzi marufuku. Akina mama wa Ukunda walikuja kumpa pole mfiwa, wakaketi jamvini na mabuibui yao, na Lulu akawapokea kwa heshima zote.

Warda alingoja wageni waondoke. "Na mimi, madamu? Na mimi ni mjane."

Madamu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Warda, ukienda, nani atamhudumia? Mjane anataka mwanamke karibu. Tena wewe hiyo hali unaielewa."

"Madamu," Lulu aliita kutoka nyuma ya pazia, "mwenzangu huyu naye ana haki yake."

"Wewe pumzika, mpenzi. Usijisumbue na mambo ya wafanyakazi."

Lulu alipumzika.

Eda yake ilipokwisha, akatolewa kwa udi na asumini. Wageni walijaa hadi barazani. Warda alipika pilau sufuria tatu, akazunguka na birika la kahawa. Bibi mmoja wa Msambweni alimshika mkono.

"Nawe, mwanangu, nilisikia ulifiwa na Swabir. Eda umemaliza lini?"

"Sijaianza, bibi," alisema Warda, akammiminia kahawa.