Wasini Ikageuka Pemba

Nyumba yangu ya Bofu haijui kufungwa mlango. Apitaye huonja mahamri, na aonjaye haondoki bila kuacha neno. Basi Intisar, mdogo wangu aliyeolewa Uswidi, aliponiambia kuwa mwaka huu wanaikimbia baridi, yeye na mumewe na mtoto, waje wapumzike visiwani, habari ile haikulala kwangu. Kufikia alasiri Likoni nzima ilikuwa imeipata, na wengine walikuwa wamekwisha kuitia chumvi.

"Dada, huku jua latoka saa tatu, saa tisa limeshazama," alinililia kwenye simu. "Mtoto amesahau rangi ya mbingu."

Tukapanga mwezi mzima kwa sauti za simu. Yeye akitaja Lamu, mimi namwambia Lamu ya nini, siku nzima barabarani, na Wasini iko hapo karibu, kaa wanakungoja. Malak, mwanawe wa miaka tisa, aliandika daftarini mambo atakayofanya kisiwani, akanisomea moja moja: kuona pomboo, kula kaa, kunywa dafu, kulala bila soksi. Hilo la soksi lilinichekesha hata nikalipeleka msibani.

Na katika kupanga huko ndiko nilikotia neno langu moja la ziada. Walikuwa wafikie Magogoni, ng'ambo ya feri, kwa Bi Suad, mamake Sameer, mumewe Intisar. Nikamwambia Intisar: "Ukifika ukweni, vya thamani usivifungie begini kama mgeni wa hoteli. Vito, pesa, pasipoti, vyote mpe mama mkwe mkononi, amana, aone umemwamini." Ndivyo tulivyolelewa. Amana ukiiweka kwa mtu mzima umemheshimu mbele ya watu.

Wakafika Jumanne. Intisar akafanya kama nilivyomfunza.

Alhamisi nikaenda Magogoni kwa Mbeyu, fundi wangu wa nguo, kuchukua dira, gauni langu la kuvaa karamuni, maana Bi Suad alikuwa amewaalika watu Ijumaa baada ya sala. Mbeyu alikuwa na nguo ndogo chini ya sindano. Sketi ya buluu, shati jeupe, mtandio. Kando yake vipande vya kitambaa vimerundikwa, kila kimoja kimetariziwa jina.

"Sare ya nani hiyo, yapendeza hivyo?"

"Mjukuu wa Bi Suad, yule wa Ulaya." Hakuinua macho. "Yuwaanza Januari. Shule ya bweni, huko bara. Wanataka jina kwenye kila kitu, shuka, taulo, mpaka soksi."

Nikaokota kipande kimoja. MALAK SAMEER, kwa uzi mwekundu.

"Mamake ajua?"

Hapo Mbeyu akauondoa mguu kwenye cherehani. "We Dhahabu, si ni dadako? Mimi nilidhani wajua. Baba mtu alituma vipimo tangu Oktoba. Wakirudi tu kutoka visiwani mtoto abaki. Tafadhali usinichongee, nina watoto."

Nilikuwa nikimfikiria mjukuu wa jirani yangu Bi Tima. Yule naye aliletwa kutoka ng'ambo likizo ya wiki mbili. Babake akarudi peke yake, pasipoti ya mtoto ikapotea isijulikane ilikopotelea, na sasa ni mwaka wa nne. Mamake hupiga simu kila Ijumaa, na mtoto hana tena lugha ya kumjibia. Kisa kile nimekisimulia mara ngapi nikisukuma unga! "Siku hizi yuwakuna nazi kama mzaliwa," nasema, na watu wanacheka, nami nacheka.

Dira nikaisahau palepale. Nilipofika barabarani nikapiga simu ya Intisar. Akashika Sameer.

"Shemeji! Laini yake haishiki huku, simu zake zote zaingia kwangu. Nimpe ujumbe gani?"

Ulimi wangu, ambao Mungu hakuuumba na breki, ulinigandia mdomoni. "Mwambie," nikasema, "mwambie kesho nitakuja na mkate wa sinia."

"Wewe tu na vyakula vyako," akacheka. Alicheka vizuri, kama mtu asiye na jambo.

Ijumaa nyumba ya Bi Suad ilijaa. Wanaume barazani, wanawake ndani juu ya mikeka, biriani yanukia mpaka njia kuu. Bi Suad amekaa kati, Malak mbele yake, anamtia mafuta ya nazi nywelani na kumsuka taratibu. Yule bibi hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja miaka mingi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Dhahabu. Mbona leo waingia kama mdai? Waumwa na jino?"

Wanawake wakacheka. "Leo kanyamaza!" mmoja akasema. "Jamani, tazameni nje, mvua yaja."

Nikacheka nao. Nikamfuata Intisar jikoni, wifi yake akatufuata na sahani. Nikamwita uani nimwoneshe kitu, wifi yule yule akaja kuona kitu chenyewe. Sijui kama alikuwa ametumwa au ni mapenzi tu, kwa maana nyumba ikijaa mapenzi huwezi kupata hata pembe ya kulia. Mara ya tatu Intisar mwenyewe akanishangaa. "Dada, una nini? Umenishika mkono wauma."

"Sina kitu. Nimekukosa tu."

Mtoto akaniita: "Mamkubwa! Kesho tunaenda Wasini?"

"Inshallah," nikasema, na ndipo wazo likanijia.

Boti za Wasini huondokea Shimoni, na za Pemba huondokea Shimoni pia. Gati ni moja. Tofauti ni kwamba Wasini ni kwetu, unaruka botini na kanga yako, na Pemba ni nchi ya watu, lazima upite kwa afisa wa uhamiaji. Anataka pasipoti ya kila kichwa, hata cha mtoto.

Nikakaa katikati ya mkeka, nikavuta pumzi, nikaifanya sauti yangu ile ya siku zote, inayofika nyumba ya pili.

"Jamani, sijawapa habari! Wasini imefutwa."

Nyumba nzima ikageuka. Nikiwa na habari, hugeuka.

"Wasini ya nini kwa mtu aliyetoka Ulaya? Nimewapatia Pemba. Kuna boti kesho asubuhi, nahodha ni jamaa yangu, karafuu zaanikwa sasa, kisiwa kizima chanukia. Siku nne, halafu warudi." Maneno yalitoka yenyewe. Hakukuwa na boti wala nahodha. "Na kwa kuwa ni asubuhi mapema, Intisar na mtoto walale kwangu leo, wasije wakakwama kwenye feri. Sameer atatukuta kesho, kwa raha yake. Ila pasipoti zote tatu nizipate leo hii, majina yaandikwe."

"Pemba!" Malak akaruka, msuko mkononi mwa bibi yake.

Bi Suad hakuruka. Aliushika ule msuko, akaniangalia kwa muda. "Mtoto bahari itamtapisha. Waende mume na mke, yeye abaki na mimi."

"Mtoto ndiye mwenye safari, Mama. Ana daftari."

"Basi siku nyingine. Pasipoti yake sijui hata niliitia wapi."

Ndivyo ilivyoanza ya mjukuu wa Bi Tima, kwa maneno hayohayo.

Nikamgeukia mdogo wangu. Maskini, hakujua lolote, alikuwa akilamba kachumbari kidoleni. "Intisar, zile pasipoti ulimpa nani?"

"Nilimpa Mama. Zote tatu, mkononi, Jumanne." Akatabasamu kwa adabu. "Ni amana."

Lile neno likadondoka katikati ya mikeka. Wanawake thelathini wakaacha kutafuna. Kila mmoja pale amewahi kuweka kitu kwa Bi Suad, mwenye bangili, mwenye hati ya kiwanja, mwenye pesa za hija. Miaka arobaini sanduku lake halijapoteza hata sindano. Nao wote wakamtazama, bila ubaya, wakingoja aseme kuwa ametania.

Pazia la mlango likasogea. Sameer alikuwa amesikia jina la Pemba huko barazani. "Kuna nini, Mama?"

"Pasipoti," akasema mamake.

"Pemba haimo katika mipango." Akanitazama, mara hii hakucheka. "Shemeji, nani amekwambia ubadilishe?"

"Nimewafanyia zawadi," nikasema. Nikajifanya nakohoa.

Bi Suad akauachia msuko. Akainuka kwa kushika goti, akaingia chumbani mwake. Tukasikia kufuli. Nilihesabu vichwa vya watu, nikahesabu maua ya mkeka, nikarudi kuhesabu vichwa. Nilijua akitoka na pasipoti mbili, basi.

Akatoka na kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Sameer akanyoosha mkono. "Nipe mimi, Mama."

"Wewe ndiye uliyenipa?"

"Mama, mimi ni mwanao."

"Mwanangu ndiyo. Lakini amana hurudi kwenye mkono ulioitoa." Akampita, akamwinamia Intisar, akalifungua fundo mbele ya watu wote. "Hesabu, mwanangu."

"Tatu, Mama. Ahsante."

Sameer akasimama pale na mkono wake mtupu. Mbele ya wanawake thelathini mtu hafanyi fujo na mamake. Akaliachia pazia, akarudi barazani.

Tukaondoka kabla ya magharibi. Nilimwambia Intisar achukue begi lote, na sweta pia. Mlangoni Bi Suad akamkumbatia Malak hata mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Kisha akaniambia mimi, polepole, wengine wasisikie: "Pemba kuna baridi gani, hata mtoto apakiwe sweta?"

"Upepo wa baharini, Mama."

"Upepo," akasema.

Sikujua kama amenisamehe au amenikamata. Njia nzima niligeuka nyuma. Kwenye feri kila mwanaume mrefu alikuwa Sameer.

Tulipofika Bofu nikafunga mlango, kwa komeo, ndipo nikamwambia ya sare na shule. Intisar hakulia. Alikaa chini kwenye sakafu, akalikumbatia lile begi kama mtu aliye juu ya gogo mtoni. "Oktoba," akasema. "Oktoba aliniomba vipimo vya Malak. Aliniambia ni nguo za kuogelea." Kisha akachukua simu yangu, akahamisha tiketi zao mbili za kurudi. Ndege ya kesho, saa nne asubuhi.

"Na afisa akikuuliza baba wa mtoto yuko wapi?"

"Usiniulize hilo, Dada."

Alfajiri wakapita barabara ya Dongo Kundu kwenda uwanja wa ndege, kwa gari la jirani nisiyemwambia kitu. Malak aliniuliza mbona Pemba inaendewa kwa ndege. Nikambusu. Nikajifungia tena.

Wateja wa mahamri walikuja wakagonga. "Dhahabu! Kuna mgonjwa?" Sikuitikia. Saa mbili na nusu mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Shemeji. Fungua."

Nikafungua, maana nisingefungua angejua. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akaangalia hata nyuma ya mlango.

"Wako wapi?"

"Wametangulia Shimoni. Mtoto hakuweza kungoja. Boti ni saa nne, ukiwahi utawapata."

"Mbona simu yako imezimwa?"

"Moto umekwisha kwenye betri."

Alinitazama sana. Akatoa simu, akampigia mamake, akaifungulia sauti nami nisikie. Alitaka nisikie.

"Mama, Intisar alikwambia kuwa watatangulia?"

Kwa mbali nilisikia kuku wa Bi Suad, kuku tu.

"Aliniambia," akasema. "Wahi Shimoni, mwanangu. Usimwache mkeo peke yake gatini."

Sameer akatoka. Nilimsikia akimwambia dereva njia ya kusini, njia isiyo ya uwanja wa ndege. Nami sikusogea mlangoni.

Saa nne ikafika, ikapita. Ndege ikapita juu ya Bofu, lakini ndege hupita kila siku, huwezi kujua yabeba nani. Adhuhuri nikawasha simu, ikaingia sauti iliyotumwa kwa mtandao wa ndegeni, ya kunong'ona, ya mtoto: "Mamkubwa, Mama analala. Amenishika mkono hataki kuuachia. Wametupa soksi humu ndani, nimevaa."

Niliisikiliza mara nne. Kisha nikaondoa komeo. Bi Tima alikuwa ameshafika kizingitini, mikono kiunoni, macho yamemtoka kwa hamu.

"Haya, tupe. Mlango umefungwa tangu jana, na mkwe wenu nimemwona amekimbia kama afukuzwaye. Kuna habari gani?"

Nikamtazama, nikamkumbuka mjukuu wake aliyekuwa nyumbani kwake akikuna nazi.

"Ingia, Bi Tima," nikasema. "Leo sina habari. Nieleze wewe. Yule mamake mjukuu wako, akipiga simu Ijumaa, huwa asema nini?"