Tonge la Kwanza la Bi Mwanakuu

Siku ya nne Mwombeki hajala, na mama yake, Koku, alikuwa ameanza kumhesabu mbavu kila alipomvua shati. Maziwa alikunywa, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Chakula alikitazama tu, kisha akageuzia uso ukutani. Na bila chakula tumboni dawa yake ya kifafa haikai. Aliimeza, ikarudi.

Barua ilikuwa kwenye droo. Kanisa la Bukoba lililowatuma Mombasa lilikuwa limeandika kwa upole mwingi mno: mtoto akilazwa hospitali tena, familia irudi nyumbani. Alikwisha kulazwa mara mbili. Koku hakuwa na ugomvi na Bukoba, kwao ni kwao. Lakini huko Mwombeki, mtoto wa miaka minane asiyesema neno, aliombewa mpaka nywele zikakaribia kuisha kwa mikono ya watu, na chakula chake kilikuwa uji peke yake. Hapa Mji wa Kale ndipo alipojifunza kula na watu.

Alijifunzia barazani kwa Bi Mwanakuu, mjane wa nyumba ya chini, muuza mahamri na mbaazi za nazi. Kila asubuhi mtoto alishuka ngazi, akaketi kando yake, wakala sahani moja. Bi Mwanakuu hakuuliza mtoto ana nini. Aliuliza kama anapenda mbaazi nyingi au chache.

Kisha Ramadhani ikaingia. Mchungaji Byabato, mume wa Koku, ni mtu wa adabu mpaka adabu yenyewe humwonea haya. Alisema nyumba yao haitakula mbele ya watu waliofunga. Mtoto asishuke barazani mchana, na madirisha yafungwe wakati wa kula. Koku alikubali, kwani heshima haimdhuru mtu. Basi kwa siku nne walimlisha mtoto chumbani kama wezi wanaogawana, naye hakula.

Siku ya tano, baada ya adhuhuri, ukope wa kushoto wa Mwombeki ukaanza kucheza. Koku aliujua ukope huo. Mara zote mbili ulitangulia kifafa, mara ya kwanza kwa nusu siku, mara ya pili kwa saa moja. Alimpigia mumewe, aliyekuwa Kilindini akiwatembelea mabaharia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akatia dawa mkobani, akambeba mtoto mgongoni, akashuka kwenda kutafuta tuktuk barabara kubwa. Aliogopa, wala hakuwa na jina jingine la kuipa hali ile.

Barazani Bi Mwanakuu alikuwa akiepua mahamri ya kuuza jioni, na Ruweida, mke wa mwanawe, akiyapanga kwenye sinia. Koku alisalimu bila kusimama. Bi Mwanakuu akamshika upindo wa kanga.

"Mama Mwombeki, mtoto mumemficha siku tano. Tumewakosea nini?"

Koku akaeleza yote mbiombio: heshima, madirisha, dawa, ukope. Alipofika kwenye madirisha Ruweida alijiziba mdomo, haijulikani kwa huruma au kwa kicheko. Bi Mwanakuu hakucheka. Alisema mtoto hana saumu, akachukua hamri, akalipuliza likapoa, akampa. Mwombeki akalipokea, na Koku akashusha pumzi. Lakini hamri halikwenda mdomoni. Mtoto alilishika tu, akamkodolea bibi macho.

"Yuwaningoja mimi," Bi Mwanakuu akasema polepole. "Kila siku mimi ndiye hutia tonge la kwanza. Kisha yeye."

Hapo Koku akaelewa. Kwa heshima yao walikuwa wamemnyima mtoto mtu wa kula naye, na mwana wa mchungaji amefunga Ramadhani siku tano, ukitoa maziwa, bila mtu kujua. Angecheka, kama si ule ukope.

Alijaribu kula yeye. Mtoto hata hakumtazama. Bi Mwanakuu akajaribu hila, akalipeleka hamri midomoni na kutafuna hewa. Mwombeki akamwekea kidole kooni, pale panapopanda na kushuka mtu anapomeza, akangoja. Hapakushuka kitu. Akauondoa mkono.

Kufika magharibi zilibaki saa nne. Sasa pembe ya mdomo wa mtoto nayo ilianza kuvutika. Koku alijua la kuomba, na alijua haliombeki. Mke wa mchungaji amwombe mwanamke wa Kiislamu avunje saumu? Mtaa ungesema hiyo ndiyo kazi waliyotumwa, na nani angeulaumu. Akainama kumbeba mwanawe.

"Keti," Bi Mwanakuu akamwambia.

"Mama, saumu yako," Ruweida akasema. Mama mkwe wake alikuwa na miaka sabini na moja, na duniani alijisifu kwa jambo moja tu: tangu mwanawe wa mwisho aache ziwa, hajakosa kufunga hata siku moja.

"Siku hulipwa," akasema Bi Mwanakuu. "Mtoto halipwi."

Akapiga bismillahi, akauma hamri, akatafuna, akameza. Kidole cha Mwombeki kilikuwa kooni mwake. Kilipohisi tonge limeshuka, naye akauma lake.

Alikula matatu, na kwa kila tonge alilokula ilimbidi bibi naye ale. Koku akampa dawa, ikakaa. Wakaketi wote wanne barazani, Koku hakuyatoa macho kwenye ukope ule. Wapita njia walisalimu, wakaona chembe za hamri midomoni mwa Bi Mwanakuu, na wengine wakageuza nyuso. Hakujifuta. Ukope ukatulia alasiri ilipoadhiniwa.

Daktari aliruhusu dawa zitolewe magharibi na wakati wa daku, na mwezi wote uliobaki Mwombeki alikula saa alizokula Bi Mwanakuu. Mchungaji Byabato aliandika Bukoba kwamba mtoto anakula vizuri. Nyakati za kula hakuzitaja.

Idd ilipopita, katikati ya Mfungo Mosi, mwezi unaoifuata Ramadhani, Bi Mwanakuu alituma salamu juu: kesho analipa siku yake, wasije wakashangaa mtoto akikataa chai. Kabla ya alfajiri Koku alimteremsha Mwombeki, mtoto akala daku na bibi, akanywa dawa. Asubuhi jikoni hapakuwashwa moto. Madirisha yalikuwa wazi yote, na Koku alikuwa ameketi barazani na mwanawe, midomo imemkauka.

Saa saba Byabato akarudi kutoka Kilindini na njaa yake, akauliza kuna nini cha mchana.

"Leo tunalipa," Koku akamjibu.

Byabato alisimama kidogo pale kichochoroni, akamtazama mkewe, akamtazama Bi Mwanakuu. Kisha akavua viatu, akapanda barazani, akaketi kungoja magharibi.