Plasta Kwenye Jicho la Tela

Usiku wa jana niliota narudisha tela nyuma, na wala sikushangaa nilipoambiwa niirudishe mpaka Jumanne.

"Jumanne ipo nyuma ya ghala," mlinzi wa yadi aliniambia huku akinifungulia geti. "Rudi taratibu. Kuna watu wanaishi humo."

Naweka gia ya nyuma. Pip, pip, pip. Jumamosi inapita dirishani, Ijumaa inapita. Alhamisi nimeigusa kidogo, imebonyea. Mlinzi anasema haina neno, itanyooshwa.

Niseme kabla sijaenda mbali: Jumanne ndiyo siku niliyogonga nguzo ya ghala la mahindi pale Makambako. Utingo wangu, Mzee Mlowe, alikuwa nyuma ya tela akiniongoza kama kawaida. Tuna lugha yetu. Akipiga bodi mara moja, njoo. Akipiga mara mbili, simama. Alipiga mara mbili, nami nilisikia vizuri sana. Lakini madereva wenzangu walikuwa wamekaa kivulini wakinitazama, na dereva mwenye miaka kumi na tisa barabarani akisimama katikati ya kurudi, watamcheka hadi Tunduma. Sikusimama. Mzee aliruka kuokoa roho yake, akavunjika mguu. Kwenye ripoti niliandika kwamba hakupiga bodi. Leo saa mbili anaitwa ofisini kufukuzwa kazi.

Kamera ya nyuma ingeonyesha kila kitu. Ila wiki moja kabla nilikuwa nimeibandika plasta, kwa sababu kila nikirudi nyuma ilikuwa ikinililia pip-pip mbele za watu. Baada ya ajali niliibandua plasta hiyo, nikaitupa kwenye choo cha shimo.

Basi, nafika Jumanne. Kamera imeshuka kwenye tela, imekaa kwenye kiti cha plastiki, plasta juu ya jicho. Imefungwa mwezi uliopita tu, kwa hiyo ina adabu.

"Shikamoo, dereva."

"Marahaba."

"Naomba unitolee hii. Sioni."

"Huna haja ya kuona. Nina vioo."

"Vioo vyako vinaona pembeni," inasema kamera. "Mzee alikuwa katikati."

Nguzo ya ghala, bandeji kiunoni, inakohoa vumbi la saruji. "Mimi sikusogea," inasema. "Naomba liandikwe hilo."

Linaandikwa. Anayeandika ni Bi Sekela, meneja wetu, maana yadi imekwisha kuwa ofisi. Ile mistari ya kwenye skrini ya kamera imelala sakafuni: kijani, njano, nyekundu. Wote wamesimama kwenye kijani. Mimi nimesimama kwenye nyekundu, na soksi zangu zimetoboka.

"Utingo alipiga bodi au hakupiga?" ananiuliza.

Nafungua mdomo niseme hakupiga. Sasa, aliyewahi kurudisha tela anajua: ukikata usukani kulia, tela inakwenda kushoto. Mdomo wangu umekuwa tela.

"Alipiga mara mbili," najisikia nasema.

Nataka kurekebisha. Nataka kusema mimi ni dereva hodari. Inatoka: "Mimi ni mwoga wa kuchekwa."

Hapo ndipo nilipofanya jambo linalonipa aibu hata sasa ninapolisimulia. Nilikata upande wa pili. Kwa ustadi wangu wote nilikusudia kusema kweli tupu, na mdomo ukatoa uongo umenyooka: "Hakupiga, Bi Sekela."

"Ahsante," anasema, anafunga faili.

Mzee Mlowe anaingia kwa mguu mmoja. Hanitazami. Anapiga meza ya Bi Sekela mara mbili, pa, pa. Feni inasimama. Saa ya ukutani inasimama. Nguzo, ambayo haikuwa ikienda popote, inasimama zaidi. Ni mimi peke yangu ninayeendelea kurudi nyuma, natoboa ukuta, naingia jikoni kwa Mzee Mlowe.

Mkewe anasogeza sufuria ya ugali kunipisha.

"Karibu, baba, pita tu," anasema. "Mwenzio hana wasiwasi na wewe. Kila siku ananiambia, mtu niliyenaye mimi, nikipiga bodi hata kwa kidole anasikia."

Masikio yakanichoma. Niliona aibu, ile ya kutamani mtu akutukane ili upumue, lakini mama yule alikuwa anaosha mikono anipakulie.

Kamera ilikuwa imenifuata na kiti chake. Ilijibandua plasta, ikainuka kitini.

"Chukua, dereva," ilisema. "Wewe ndiye unayeitumia." Ikanibandika jichoni, ikakandamiza kwa adabu.

Nikaamka. Kumekucha, mke wangu amesimama na kikombe cha chai, ananishangaa.

"Baba Atu, nani kakubandika hiyo?"

Nikapapasa. Plasta, kwenye jicho la kushoto, na juu yake alama ya grisi ya dole gumba langu. Ile ile. Nilikumbuka nilikoitupa na sikutaka kuinusa.

"Nimejibandika mwenyewe," nikasema.

Ilitoka kama nilivyokusudia. Nikangoja kidogo nione kama itageuka. Haikugeuka.

"Nipe shati la ofisini," nikamwambia. "Nataka nifike kabla ya Mzee Mlowe."