Karatasi Yenye Uso

Mtu wa kwanza kunyoshewa karatasi ile alitia mikono mifukoni. Wa pili alificha yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari. Wa tatu, mama mmoja mwenye kapu la dagaa, aliipokea kwa adabu, akaitupia jicho moja, kisha akaiachia ianguke na kuongeza mwendo. Sumaya akabaki amesimama pembeni mwa barabara, mkono ungali hewani, na watu wa mtaa wa Bwiza, ambao kwa kawaida hawaachi kitu cha bure kiwapite, wakawa wanaizunguka ile karatasi iliyolala chini kana kwamba pale pana shimo.

"Kwani tumeandika matusi?" aliuliza Bahizire. Huyu alikuwa mwenzake wa kazi, kijana wa Uvira aliyekimbia vita vya kwao na bisibisi zake, akavuka mpaka, akakuta vita vya wenyeji wake vinamsubiri.

Hawakuandika matusi. Waliandika ukweli mtupu: kwamba wanatengeneza kompyuta zilizoharibika, na kwamba mwenye shida aulize mlango wa kijani, mkabala na kinyozi. Naye kinyozi mwenyewe, aliyekuwa akitazama kioja hicho kibandani kwake, ndiye aliyewafumbua macho.

"Nyie watoto, kusanyeni makaratasi yenu mbio," alisema kwa sauti ya chini. "Katika muji huu, nani anakamata karatasi isiyo na mwenyewe?"

Loo! Sumaya alijipiga paji la uso. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, na jambo hilo limempita vipi? Nani asiyezijua trakti? Karatasi zinazokutwa alfajiri zimetapakaa barabarani, mwandishi hajulikani, zikiamuru watu wasiende kazini au zikitaja jirani fulani kuwa adui. Askari akikukuta nayo mfukoni, jieleze mpaka ulimi ukauke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mji huu ulikuwa umeumwa tangu mwaka tisini na tatu. Sasa ni elfu mbili na mbili, na bado watu walikuwa wakiogopa unyasi.

Tena kosa lilikuwa lake mwenyewe. Bahizire alitaka kuandika majina yao kwa herufi kubwa, yeye akakataa. "Jina la nini?" alisema. "Waje kwa kazi yetu, wasije kwa jina." Akaonekana mwenye hekima kweli, kumbe alikuwa mwoga tu.

Wakazikusanya karatasi zao, pamoja na ile iliyoanguka, wakarudi nazo ndani.

Hicho chumba cha mlango wa kijani kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, Mwantum. Tangu wakifungue, walioingia walikuwa wengi wao wamepotea njia. Mmoja alileta pasi ya mkaa. Mwantum hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mjane mwenye nyumba, na mfanyabiashara wa soda alikuwa akikitolea macho chumba kile akifanye ghala. Neno lilishatoka: Idi ya kuchinja ikipita bila wateja, chumba ni cha soda. Bahizire angerudi kuhangaika, na Sumaya angerudi kukaa jikoni akichambua mchele. Akifikiria hivyo, roho ilimsinyaa. Alikuwa amewahi kuwa karani katika kampuni moja ya malori, na siku kompyuta ya ofisi ilipozima na fundi akashindwa kufika kwa kuwa njia imefungwa, aliifungua mwenyewe, huku analia, huku anasoma maandishi madogo ya ndani. Ilipowaka tena aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine duniani.

"Basi tunaanza upya," alisema, akiketi mbele ya kompyuta yao waliyoiunga kwa mizoga ya nyingine. Umeme ulikuwepo, neema ya kushukuriwa. "Kwanza, hii ya zamani ilikuwa mbaya hata bila trakti."

"Mbaya? Mi niliitia nyota pande zote!"

"Ndiyo maana."

Wakamwita Mwantum aisome. Alivaa miwani, akaweka chai pembeni, akaanza juu mpaka chini: kutengeneza, kusafisha, kuchapa, kufundisha, kuuza, kununua, kila mstari kwa aina yake ya herufi, nyingine zimelala, nyingine zimevimba. Akavua miwani.

"Nimesoma mpaka chai imepoa," alisema, "na bado sijajua munauza nini. Munauza nyota?"

Bahizire alicheka mpaka akashika tumbo, halafu yeye mwenyewe akazifuta nyota zake. Na hapo raha ikaingia. Sumaya alihisi vidole vinamwasha. Walikata maneno kama watu wanaopalilia shamba; kila neno lililong'oka, lililobaki lilipata hewa. Bahizire alichora ramani ya kufika dukani, yenye mishale. Sumaya aliitazama, akaguna.

"Ramani na mishale? Unataka askari waseme tunaelekeza makombora?"

"Ee Mungu wangu!" Ramani nayo ikaenda na maji.

"Sasa niambie," Sumaya alisema. "Mutu kompyuta yake ikikufa, anaogopa nini?"

"Gharama."

"Apana. Gharama anaogopa baadaye. Kwanza anaogopa vitu vyake vilivyokwama mule." Aliikumbuka vizuri hofu ile ya ofisi ya malori. Akaandika bila kuinua macho, herufi nene, za aina moja:

KOMPYUTA IMEKATAA KUWAKA? USIITUPE. VITU VYAKO BADO VIMO NDANI.

Bahizire alisoma kwa midomo, akasoma tena, akapiga meza kofi. "Weee! Hii ni yenyewe! Hata mi nataka kuleta kompyuta, na sina!"

Chini yake waliacha nafasi nyeupe, halafu mlango wa kijani na kinyozi wake. Bahizire alilalamikia ile nafasi, mbona kubwa hivyo, si ingeingia hata nyota moja ndogo. Sumaya akamwambia aiache karatasi ipumue. Lakini alijua nafasi ile inangoja nini. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, akaifuta. Akaiandika tena, akaifuta tena.

Mwenzake alikuwa anajua habari za Khaled.

Khaled alikuwa kaka yake Sumaya. Mwaka wa tisini na tano, mwaka ambao mitaa ilijitenga na majirani wa jana wakawa hawavuki tena barabara, Khaled alikuwa anatoka kununua mkate. Mtu akamwita kwa jina kutoka nyuma. Akageuka, kwa nini asigeuke? Walioshuhudia walisema alikuwa hata anatabasamu, akidhani ni rafiki. Gari likaondoka naye na mpaka leo hakuna aliyejua wapi. Tangu hapo Mwantum alimwekea binti yake sheria moja: ukiitwa njiani, usigeuke, tembea tu. Sumaya aliishika sheria hiyo mpaka ikawa mwili wake. Marafiki walimwita wakachoka, wakamwona anaringa.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na hawakusema uchi wa nguo peke yake. Sumaya aliandika jina lake lote mara moja, haraka, kama anayemeza dawa chungu. Akaichapa karatasi, na juu ya jina akabandika picha yake ndogo ya pasipoti. Kisha akamwita mama yake, kwa sababu jambo lile lisingewezekana kwa siri.

Mwantum aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Uso wa mwanangu," alisema, "ukafungiwe karanga sokoni? Ukakanyagwe?"

"Ndiyo, mama. Hata ukikanyagwa."

"Kizuri chajiuza, Sumaya."

"Mama, samahani," Bahizire akaingilia, kwa heshima, mikono kifuani. "Kizuri kikifungiwa ndani, kinajiuza kwa nani?"

"We nyamaza. Hujapoteza mutoto wewe."

Bahizire akainama. Sumaya alishika ukingo wa meza. "Naogopa, mama," alisema. "Kila siku naogopa, sikudanganyi. Lakini nimechoka kuwa mutu asie na jina. Khaled alikuwa na jina, na mutaa mzima ulikuwa unalipenda. Mi nani analijua langu?"

Mwantum alisoma tena ile sentensi ya juu, kidole kikifuata herufi, mpaka mwisho wake: bado vimo ndani. Akakunja miwani. Akaenda zake chumbani, na wale wawili wakasikia vitu vinapekuliwa sandukuni. Aliporudi alishika mtandio wa hariri wa rangi ya zambarau, na pasi.

"Kwenye picha hiyo umekunjamana kama umelala na mbuzi," alisema kwa ukali. "Kama lazima utoke, utoke na mtandio ulionyoshwa."

Kesho yake picha mpya ilipigwa, na kwenye mashine ya kunakili, mjini, nakala ya kwanza ikatoka na uso mweusi tii. "Huyu ni nani, gunia la mkaa?" Bahizire alipiga kelele, na mwenye mashine akapunguza wino. Ya pili ikatoa macho. Ya tatu ikatoa meno, na Sumaya akajiona anatabasamu mwenyewe, akajionea haya, akafurahi, akazificha nakala kifuani akitembea karibu kukimbia.

Wakagawa. Safari hii hakunyosha mkono kimya. Alisalimia kwanza, akataja jina lake, akainua karatasi kando ya shavu. Watu walisimama. Waliangalia karatasi, wakamwangalia yeye, wakarudi kwenye karatasi.

"Kumbe ni wewe!" alisema mzee mmoja, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. Yule mama wa dagaa alirudi mwenyewe kuomba. "Hii ina mwenyewe," aliwaambia wenzake. "Trakti haina meno." Bahizire alizipeleka mpaka ng'ambo ya barabara, mtaa wa Nyakabiga, ambako watu wengi wa Bwiza walikuwa hawajakanyaga tangu mwaka ule. Alirudi mikono mitupu, anacheka peke yake kama mlevi.

Halafu wakangoja. Loo, kungoja! Mvua ilinyesha. Umeme ukakatika. Kila kivuli mlangoni kilimwinua Sumaya kitini, na kila kivuli kikapita. Mkesha wa Idi ukafika, kreti za soda zikashushwa kibarazani, zikapangwa mpaka dirishani, na Bahizire akaanza kufungua skrubu za rafu, polepole, jambo la kuchekesha kwa mtu mwenye haraka kama yeye. Sumaya alikasirika, akataka kulia, akachukua hela akaenda kununua mishumaa.

Barabara ilikuwa na matope, watu wengi, kelele za mbuzi wa kesho. Alikuwa amepita kinyozi aliposikia nyuma yake:

"Sumaya!"

Sauti ya mwanamke, ngeni. Mgongo wake ulikakamaa, miguu ikaendelea. Haikuwa yeye aliyeamua, miguu ilijua kazi yake.

"Sumaya! Sumaya wa kompyuta!"

Akaongeza mwendo. Alijua, wallahi alijua ni nini, hilo ndilo alilolitaka na kuliota, na bado shingo ilikataa kama imefungwa kwa waya. Moyo ulimpiga masikioni. Hatua nyingine, na nyingine, na sauti ya yule mwanamke ikaanza kupotea ndani ya kelele za mbuzi.

Ndipo ikatoka sauti nyingine, kubwa, iliyokwaruza, sauti ambayo ilikuwa haijapaa barabarani hapo kwa miaka saba.

"Sumaya! Geuka, mwanangu! Unaitwa!"

Aligeuka.

Mbele ya mlango wa kijani alisimama mwanamke mwenye miwani, mbabaiko usoni, amebeba kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge. Baadaye angemwambia anaitwa Marguerite, ametoka Nyakabiga, na alisimama ukingoni mwa barabara asubuhi nzima akijipa moyo wa kuvuka. Mkono wake mmoja ulikuwa umeinua karatasi juu ya vichwa vya watu. Na kando yake, katikati kabisa ya njia, miguu pekupeku kwenye matope, alisimama Mwantum, viganja vyote viwili vimeshika kifua, akimtazama binti yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha nyuma yake, kisha kushoto, kisha kulia.

Hakuna gari lililokuja. Mbuzi mmoja alilia.

"Abee," aliitika Sumaya, na kwa kuwa walikuwa mbali, akaitika tena kwa sauti.