Mama wa Kwenye Filamu

Mama alivaa viatu vya kutokea. Kwa banda la video lenye mabenchi ya mbao na magunia madirishani ya kuzuia jua, viatu vile vilikuwa heshima iliyopitiliza, na vijana waliojazana mlangoni walimpisha wakidhani amekuja kukagua. Mwanawe alimwongoza hadi benchi la nyuma, akalipangusa kwa kiganja, akamketisha. Watu walimwita Besi, maana hakuna redio iliyopita mikononi mwake ikabaki na sauti nyembamba. Alikuwa fundi wa kuchomea mageti na madirisha, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, lakini Jumapili ile alasiri alikuwa hakai akatulia. Mara aulize kama mama anaona vizuri, mara amnunulie maji, mara amwombe aliyekaa mbele avue kofia.

Filamu yenyewe ilihusu kundi la vijana watatu waliomlea. Ndivyo alivyosema mwenyewe, waliomlea, na wala hakuwa anatania. Albamu zao alikuwa nazo zote kwenye kaseti, na kwa kuwa majina yake yalikuwa ya Kiingereza cha vichochoroni, yeye na rafiki yake walizibatiza kwa picha za jaladani: Koti Jeusi, Mbwa Watatu, na ile kubwa lao, Ngazi, ambamo vijana wamekaa kwenye ngazi za jengo na mmoja wao kageuza uso. Ngazi ilikuwa na masharti yake. Ukiianza unaimaliza, upande wa kwanza kisha wa pili, bila kuruka wimbo, na mteja mwenye haraka atajijua mwenyewe. Besi angekueleza jinsi ngoma inavyochelewa kidogo, kwa makusudi, mithili ya mtu mwenye mguu mbovu. Angekueleza jinsi kinanda kilekile kinavyozunguka mpaka kinakuingia mifupani, na jinsi yule mwenye sauti nzito anavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho wa wimbo wa saba. "Pumzi ile ndiyo hip-hop yenyewe," aliwaambia watu. "Mengine ni makelele."

Wimbo wa saba ulikuwa wa mama. Maneno yake Besi alifasiriwa na rafiki yake, na rafiki huyo ndiye aliyeshika maiki siku ile bandani. Naye jina lake lilikuwa limemezwa na kazi yake: Mkalimani. Alikaa kando ya runinga kubwa, akaipunguza sauti, akawasemea kwa Kiswahili watu wote wa kwenye filamu, majambazi na mapolisi, mabibi na watoto wachanga, kila mmoja kwa sauti yake. Wawili hawa walikuwa chanda na pete tangu ujana. Walizoea kukaa karakana wakirudisha kaseti nyuma tena na tena, Mkalimani kafumba jicho moja kwa kusikiliza, kisha anatoa: "Anasema, mama, mlango uliufunga wewe, lakini baridi naisikia mimi." Siku alipoyatoa hayo, Besi alizima mashine ya kuchomelea akalia wazi, bila kuona haya. Maneno aliyaandika kwa chaki ukutani. Mtu yuko ng'ambo, alijiambia, hajapata hata kuniona, vipi kanijua namna hii?

Kwani Besi alikuwa na lake. Meno ya utoto yakiwa hayajamwisha, mama yake alimfungashia nguo akamwambia anakwenda kutembea kwa mama mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto. Kutembea kwenyewe hakukuwa na kurudi. Mdogo wake alibaki nyumbani. Besi alirejea kwa mama akiwa na ndevu, akawa mwana mwema kupita wema: akiitwa anakuja, kitasa kikiharibika anatengeneza, na la moyoni halisemi. Alilisema kwa mtu mmoja tu, siku mama mkubwa alipozikwa, kabla kaseti ya Ngazi haijafika mjini. Mkalimani alimshika bega akamwapia kwamba lile nalo limezikwa.

Kumleta mama kwenye filamu kulikuwa na sababu yake. Mdomo wa kuanza mazungumzo hakuwa nao. Alitaka mama awaone waliomshika mkono alipokuwa peke yake, na pengine wakitoka, njiani, neno moja lingevuta jingine.

Filamu ilianza vizuri. Vijana watatu walikulia jengo moja, walifukuzwa, walirekodi nyimbo chooni kwa sababu huko sauti inapendeza, na ulipoanza mpigo wa kwanza wa Ngazi, Besi alimgusa mama kiwiko kumwambia, ndiyo hii sasa. Mama alitikisa kichwa kwa adabu. Kisha yule mwenye sauti nzito, sasa ana jina na mkufu shingoni, akarudi kwao. Alisimama jikoni mbele ya mama yake, mama yuleyule aliyeonekana akimlea toka mwanzo wa filamu, wakilala kitanda kimoja, akaanza kusema polepole.

"Mama, ulinifungashia nguo ukaniambia naenda kutembea," Mkalimani alisema kwenye maiki, sauti kaishusha. "Kila gari lililosimama kwa mama mkubwa, nilidhani ni wewe umenifuata. Mdogo wangu ukambakisha. Nikawa najitazama kwenye kioo, natafuta kasoro yangu. Mpaka leo nikija kwako nakula kama mgeni, nasubiri kukaribishwa."

Dada mmoja alipenga kamasi. Hakuna aliyeuliza huyo mama mkubwa katokea wapi, wala mdogo gani. Besi hakuthubutu kugeuka, lakini alijua mama, pale ubavuni, amelisikia kila neno. Kwenye runinga yule mama wa jikoni aliweka sufuria chini, akafungua mdomo kumjibu mwanawe. Besi aliinuka, akawakanyaga watu miguu mpaka mbele, akachomoa waya wa maiki.

Yeye na Mkalimani walitoka nyuma ya banda, miluzi ya watu ikiwafuata.

"Yale ni yangu," Besi alisema.

Mkalimani alicheka kidogo, kisha akaacha. Jamaa wa kwenye filamu alikuwa anaongea chinichini, akajitetea, hakumsikia hata neno. Filamu ikikaa kimya watu wanadai viingilio vyao, hiyo ndiyo kazi, basi akaweka yaliyokuwa karibu.

"Mama yangu yumo humo ndani."

Hapo uso ulimshuka. Aliapa hakumwona, maana hukaa amewapa watu mgongo. Angeishia hapo pengine ingekuwa nafuu, lakini ulimi hauna mfupa. "Ndugu yangu, mbona nimeyasema mara nyingi tu? Kila filamu yenye mama na mtoto. Hakuna aliyewahi kujua ni wewe. Watu wanalia, na wiki inayofuata wanarudi."

Besi alimtazama. "Na wimbo wa saba?"

Mkalimani aliangalia chini, akasugua udongo kwa ncha ya kiatu. "Yule anakwenda kasi. Nilishika neno mama, basi. Wewe ulikuwa unataka maneno, nikakupa yaliyokufaa."

Wahenga walisema usimwage mtama penye kuku wengi, na Besi aliwatii: wake aliumwaga kwa kuku mmoja. Sasa mkono ulimpanda wenyewe, akautazama ukiwa hewani, akaushusha. Hasira alikuwa nayo, tena kali, lakini chini yake palikuwa na kitu kibaya zaidi. Aliona ameibiwa. Siri kuzungushwa mjini ni aibu, na aibu mtu huizoea. Lakini wale vijana watatu hawakuwahi kumjua. Miaka yote ile, pale karakana, alikuwa akijisikiliza mwenyewe kwa mdomo wa mtu mwingine, akidhani ana mwenzake duniani. Ngoma ingebaki, kinanda kingebaki, na ndani yake hapana mtu.

"Karakana kwangu usikanyage tena," alisema, na hakungoja kujibiwa.

Mama alikuwa amekwisha kutoka, amesimama juani na mkoba wake kwapani. Walishika njia. Walipita mbao za fundi seremala, walipita kinyozi, mama akiitikia salamu za watu kama kawaida yake, na Besi akaanza kudhani kwamba hili nalo litafunikwa kama mengine. Walipofika pasipo na watu mama alisimama, akamshika mkono wa shati.

"Ulipochomoa waya, yule mama wa kwenye filamu alikuwa anajibu," alisema. "Alimjibu nini mwanawe?"

Kubuni kulikuwa rahisi. Leo ameona kunavyofanywa. Angeweza kusema yule mama aliomba radhi, au alisema dhiki ilimlazimu, na mama angeitikia, na wangefika nyumbani salama.

"Sijui, mama. Kiingereza sikijui. Sijawahi kukijua."

Mama hakuliachia shati.

"Nilikuwa naangalia midomo ya yule mama," alisema. "Maneno yake yalikuwa machache. Mimi yangu ni mengi. Una haraka?"

Besi hakuwa na haraka. Wala hakuwa na hakika kama anataka kuyasikia. Alisogea pembeni ya njia kumpisha mtu wa baiskeli, na mama akasogea naye.